Shingo Tano, Mgongo Mmoja

Mimi nabeba boksi. Nasema mapema asije mtu akanionea wivu akisikia nilikuwa Chicago kwenye shoo ya Cheap Trick, bendi ya roki ya Kimarekani. Tiketi mtandaoni iliandikwa dola 60. Nikabofya, ikaja ada ya huduma. Nikabofya, ikaja ada ya ukumbi, na nyingine ambayo nadhani ni ada ya kunitoza hizo ada. Nikasimama kwenye 87. Kuegesha gari 40. Bia moja, kwenye glasi ya plastiki inayobonyea ukiishika, 16. Nikaanza kuigeuza kwa shilingi, nikaishia njiani kwa ajili ya presha.

Aliyeniponza ni mwenzangu wa ghalani, mzee wa Kizungu mzaliwa wa Rockford, huko huko Illinois. Bendi ilianzia huko mwaka 1973, naye anaizungumzia kama kaizaa yeye. Kila chakula cha mchana ni Budokan. Kwamba mwaka 1978 walikwenda Tokyo wakapiga kwenye ukumbi wa Budokan, mabinti wa Kijapani wakapiga mayowe mpaka yakaingia kwenye rekodi, na rekodi yenyewe, iliyokusudiwa Wajapani tu, ndiyo ikarudi Marekani ikawatoa. Nikamwambia mwaka huohuo kwetu Dar es Salaam ilizaliwa bendi ya Mlimani Park, Sikinde ngoma ya ukae. Akaitikia kwa kichwa, akarudi Budokan.

"Ukija, usikose kitu kimoja tu," akaniambia. "Gitaa la shingo tano."

Nikajua kuna kamba hapo. Gitaa moja, shingo tano, na mtu mikono yake ni ileile miwili? Akaapa. Analo Rick Nielsen, mpiga gitaa wao, yule wa kapelo, na hulitoa mwishomwishoni. Basi, hizo dola zote mnazozisikia niliwalipia shingo.

Sasa mimi nimekulia kwenye dansi la bendi ya Msondo. Shoo kwangu ni kiti, meza, mishikaki na mhudumu anayejua jina lako. Nilipomuuliza mlinzi viti viko wapi, alinitazama kama nimeulizia godoro. Tiketi ya 87 ni ya kusimama! Na waliosimama ndio hao: vipara, mvi, magoti ya kufanyiwa upasuaji, bibi mmoja kavaa fulana ya bendi iliyofuliwa mpaka maandishi yamehama. Nusura nimpe shikamoo.

Saa mbili usiku kamili wakaanza. Kamili! Dar saa hiyo hata mpiga besi hajatoka nyumbani.

Na huo muziki, wenyewe wanauita pawa pop: gitaa zinanguruma kama roki, lakini sauti inayoimbwa juu yake tamu, ya kuitikia hata usipojua maneno. Nakiri, ni mtamu. Shida yake ni dakika tatu. Sisi wimbo unaanza polepole, mtu analalamika mke kaondoka, ndugu wameingilia, shemeji kaongeza chumvi. Unakwenda msalani, unapanga foleni, unakutana na mtu mliyesoma naye Tambaza, unarudi, mke bado hajarejea na chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza, ndiyo kwanza inaingia. Hapa nimeinua mkono nianze kucheza, wimbo umekwisha. Nimeushusha, mwingine uko katikati. Usiku mzima mkono wangu unachelewa basi.

Ninachowalaumu hasa ni uzima wao. Nielsen kapita miaka sabini, anarukaruka jukwaani na kukodoa macho kama mtoto aliyeiba sukari. Robin Zander anaimba sauti zilezile za juu ambazo mimi nikizijaribu bafuni jirani anagonga ukuta. Tom Petersson kabeba besi la nyuzi 12. Besi la mtu wa kawaida lina 4. Ngoma anapiga Daxx, mtoto wa Nielsen, na mtoto wa Zander naye yumo kazini. Wenzetu watoto wanawarithi ngoma na gitaa. Wangu nikimwambia atoe taka ananiuliza, "Sasa hivi?"

Wakafika kwenye wimbo wao "Surrender". Mzee wa Rockford akanipiga kiwiko: jiandae. Mbele yangu kasimama jamaa mrefu kama nguzo ya umeme, nikajisogeza pembeni, nikapata kiupenyo safi. Mara Nielsen akaanza kurusha vile viplastiki vya kupigia nyuzi. Anavyo vingi, anavirusha kama mtu anayelisha kuku. Kimoja kikaja, kikanigonga begani, kikaanguka mbele ya kiatu changu.

Nikainama.

Mnaojua kubeba boksi mmeshajua kilichofuata. Mgongo ulisema *tak*, ukajifunga. Kichwa kiko usawa wa magoti, mkono mmoja sakafuni, na kile kiplastiki nakiona, kinazidi vidole vyangu kwa inchi moja. Hapo ndipo ukumbi ulipolipuka. Watu wakaunguruma, simu zikapaa juu, mzee wa Rockford akapiga kelele, "Ndilo hilo! Unaliona?"

Nilichokuwa nakiona ni kamba za viatu vyake. Kushoto ilikuwa imefunguka.

Bibi wa fulana iliyohama maandishi akachuchumaa kando yangu, mwepesi kama binti wa mdako. Nikafikiri kaja kuniokoa. Akaokota kiplastiki, akakitia kwenye sidiria, ndipo akanishika kwapa na kuninyanyua. Niliponyooka gitaa lilikuwa linabebwa kwenda nyuma ya jukwaa, nikaona mgongo wa fundi mitambo. Saa nne haijafika, taa zikawaka, kwaherini.

Jumatatu mzee akaja ghalani na picha kwenye simu. Kaipiga vizuri, sina la kusema. Shingo zote tano zinahesabika, Nielsen katoa meno, na chini kuna vichwa vya watu vimejaa kama maembe kwenye tenga. Nikamwuliza, "Mimi niko wapi?"

Akaikuza picha kwa vidole viwili, akanionyesha pengo.