Ruba Wawili, Bosi

Najua mshikaji wangu ameshaniwahi, kawaambia nilimtukana bosi kwenye kikao cha mtandaoni. Uongo mtupu! Nilimpa tiba.

Kosa ni la The Sims 4, mchezo wa kompyuta wa kuendesha maisha ya mtu wa kubuni. Wiki nzima nilikuwa huko, kwenye maisha ya kisasa, na mtu wangu kanichosha. Bili usipolipa, umeme unakatwa. Kupika hajui, akigusa jiko linashika moto. Ukigeuka kidogo, kajikojolea sebuleni. Nikaona huu ni uchovu wangu mwenyewe nauchezea tena usiku. Nikahamia The Sims Medieval, ile ya 2011, enzi za wafalme. Raha! Cha kuangalia ni njaa na usingizi tu, choo hakimdai mtu. Ila kazi za siku zipo, na anayetega kazi anafungwa hadharani kwenye mkatale, ule ubao wa kubana wakosaji. Mimi nilikuwa tabibu, na tabibu wa kule akikosa ruba, wale minyoo wa kunyonya damu ya mgonjwa, hana kazi.

Sasa kikao. Kamera nimezima, maiki nimezima (ndivyo nilivyoamini, msinicheke bado). Mgonjwa wangu kalala kitandani. Kwa sikio moja namsikia bosi anakohoa: "Jamani, leo kichwa kinanigonga." Na mimi, macho kwa mgonjwa, sauti nzito ya mganga aliyeshiba: "Tulia hapo mzee, nakubandika ruba. Ukipona, lipa. Usipopona, tunakutupa shimoni ukaliwe na dude linaloishi humo."

Kimya.

Nikainua macho. Kijisanduku chenye jina langu kilikuwa kinawaka ukingoni. Kikafifia. Nikameza mate, kikawaka tena. Nyie, hata mate yalisikika! Bosi akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa. Akasogea kwenye kamera mpaka nikaona tundu za pua.

"Ruba wangapi, daktari?"

Ningenyamaza. Ningekata mtandao. Mtu mwenye akili angesingizia umeme. Mimi nikajibu, kwa adabu zote:

"Wawili, bosi."

Kuna mtu alicheka mpaka kiti kikaanguka. Mshikaji, ni wewe.

Basi, radhi nimeomba, nimeambiwa yaishe, na kwenye kundi la kazini sasa naitwa Tabibu. Wanaouliza kuhusu mgonjwa: nilitetemeka muda mrefu, kazi za siku zikanipita. Tabibu wangu naye kafungwa mkatale.