Kesho Sitakuwepo: Usonji kati ya Leeds na Buruburu

Kazi inayonilisha hapa Leeds, Uingereza, ni kukaa na watoto wenye usonji (autism) ili wazazi wao wapate saa chache za kupumua. Halmashauri ndiyo inayolipa, na mara nyingi, ninapomsubiri mtoto wa mwenzangu avae viatu kwa utaratibu alioupanga mwenyewe, humkumbuka dada yangu aliyeko Buruburu, Nairobi, ambaye mwanawe wa miaka 13 ana hali hiyo hiyo na ambaye hajawahi kupewa na yeyote hata saa moja ya namna hiyo.

Sitaki kuandika kama wanaodhani kila cha Uingereza ni asali. Hapa mtoto anaweza kupewa mpango wa kisheria wa elimu, afya na malezi unaoweza kuendelea hadi afikishe miaka 25, na sheria inaitaka halmashauri iukamilishe ndani ya wiki 20. Lakini familia ninazozifahamu zilingoja zaidi ya hapo, baada ya kungoja miaka kwa uchunguzi pekee. Mama mmoja ninayemsaidia ana faili nene kuliko Biblia, na bado aliniambia kuwa tangu Krismasi hakuna aliyepita mlangoni pake ila mimi na fundi wa bomba. Upweke huo dada yangu haujui. Yeye anasumbuliwa na wingi wa washauri: huyu anasema mtoto amerogwa, yule anataka apelekwe kwenye maombi, na mwingine anaona amekosa kiboko tu.

Nyumbani nako maandishi hayakosekani. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinatambua haki za watu wenye ulemavu, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hutoa kadi, na familia inayofaulu kuingizwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa nauli ya shilingi 50 kwa kila mmoja, kwenda na kurudi, dada yangu na mwanawe wangezimaliza kwa siku kumi za shule.

Hata hivyo, nikiambiwa nibebe kitu kimoja kutoka Leeds, nitaacha faili na hela, nichukue desturi ya kumwarifu mtoto kabla ya mabadiliko. Mwalimu mpya akitarajiwa, picha yake hutumwa nyumbani wiki mbili mapema. Ukutani huwa na picha ndogo za kubandika na kubandua, za kuoga, basi na shule, na jambo likiisha mtoto huibandua picha yake na kuitia kwenye bahasha.

Mwaka jana nilipokuwa likizoni, tulipanda matatu na mpwa wangu akaketi nyuma ya dereva, mahali pake pa siku zote. Barabara ya Jogoo ilikuwa na msongamano wa magari, dereva akakata kona kupitia mitaani bila neno, na kijana akaanza kugonga paji la uso kwenye kioo. Abiria walifyonza, mmoja akamwambia dada yangu amfunze mtoto adabu, utingo akatushusha. Dada yangu hakumjibu mtu. Alimziba mwanawe masikio kwa viganja na kumwimbia puani hadi pumzi yake ikatulia, kisha tukatembea hadi nyumbani, mimi nimebeba mkoba.

Kesho yake tulipiga picha kwa simu: kituo, lango la shule, mama mboga, na mshale mwekundu wa kumaanisha njia nyingine. Tulizichapisha kwenye saiba kwa pesa ambazo hata dada yangu, asiyependa kutumia, hakuzilalamikia. Mama mboga, ambaye kijana hununua kwake ndizi mbili kila jioni, aliomba nakala mbili za picha yake, moja akaipiga mstari mwekundu, na sasa akiwa na safari humwonyesha hiyo tangu jioni na kumwambia, "Kesho sitakuwepo, baba." Ni jambo ambalo shule aliyokuwamo kijana ilishindwa kulifanya ilipombadilishia mwalimu katikati ya muhula: alikutana na mgeni darasani asubuhi, na kwa siku tisa hakukubali kuvua mkoba mgongoni.

Kuhusu saa za kupumua, naona chama cha akina mama cha dada yangu kingeweza kuzipanga kama kinavyopanga zamu za kupokea fedha, mradi mmoja wao akubali kuanza. Linalonitia hofu ni ubalehe. Uingereza, mtoto mwenye ule mpango akifika miaka 13 au 14, mapitio ya kila mwaka lazima yagusie maisha yake ya utu uzima. Mpwa wangu amempita mamake kwa kimo, sauti imevunjika, na hakuna ofisi wala mwalimu aliyewahi kuuliza atakuwa wapi akiwa na miaka ishirini.

Nitakwenda Desemba. Dada yangu ameniomba nitangulize picha zangu mbili, moja safi, nyingine yenye mstari mwekundu.