Bendera ya Mazembe Kiunoni mwa Mtu wa Lupopo

Baba wa mchumba wangu ana njia moja tu ya kumpima kijana anayetaka kumwoa binti yake, nayo ni kumpeleka uwanjani. Wazee wengine wa Lubumbashi, mji wetu huku Kongo, humketisha mkwe mtarajiwa sebuleni wakamhoji kuhusu kazi, kanisa na ukoo wake. Yeye huamini kwamba majibu ya sebuleni huwa yamekaririwa, ilhali mbele ya mpira hakuna awezaye kuificha tabia yake kwa dakika tisini. Ndivyo nilivyojikuta, Jumapili moja alasiri, nikipanda ngazi za uwanja wa timu ya mpira ya TP Mazembe katika komini, yaani wilaya ya mji, ya Kamalondo, nimevaa suruali nyeusi na shati jeupe kama alivyoagiza, naye amenitangulia na fimbo yake, akisalimiana na watu kila baada ya hatua mbili.

Nilikuwa nimejaribu kumwelekeza kwingine. Mji wetu haukosi mahali pa kujipumzisha: ipo bustani ya wanyama, lipo jumba la makumbusho, lipo ziwa Kipopo kwa wenye gari, na zipo nganda, yaani baa, za Kamalondo na za komini jirani iitwayo Kenya, ambako moshi wa michopo, nyama ya kuchoma, hukushika shati kabla hujapata kiti. Nilipendekeza bustani ya wanyama, nikijua kwamba nyani hawatauliza naishangilia timu gani. Mzee akanijibu kwamba mnyama pekee anayemtembelea Jumapili ni Simba, bia ya hapa kwetu, tena awe ametoka kwenye barafu, na hata huyo humtembelea baada ya mechi.

Ugumu ulikuwa kwamba mimi ni mtu wa Lupopo. Marehemu babu yangu alifanya kazi kwenye reli, na katika mji huu mjukuu wa reli haulizwi timu yake, kwa sababu Saint-Éloi Lupopo, iliyoanzishwa mwaka 1939, ndiyo timu ya wanareli. Mazembe nayo ilizaliwa mwaka huohuo, mikononi mwa wamisionari Wabenedikto, na hadi leo wako ndugu wanaokula bukari, ugali wetu, katika sahani moja lakini hawasemezani juma zima la derbi. Wenzetu wametwaa ubingwa wa Afrika mara tano, na mwaka 2010 wakafika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, jambo ambalo hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imelifanya kabla yao, wakafungwa na Inter Milan mabao matatu kwa bila. Sisi tulitwaa ubingwa wa nchi mwaka 2002, na tunaukumbuka kwa undani kuliko wao wanavyoyakumbuka makombe yao yote.

Mchumba wangu aliyajua hayo, akanisihi ninyamaze mpaka mahari ipokelewe. Nilikubali, kwa kuwa kunyamaza si kusema uongo. Hata hivyo nilikuwa na kiapo cha tangu utotoni kwamba sitakanyaga uwanja wa Mazembe bila rangi za timu yangu mwilini, na kiapo alichokishuhudia babu hakivunjwi kwa ajili ya posa. Kwa hiyo, chini ya suruali nyeusi, nilivaa bukta ya Lupopo, ya njano iliyokolea, yenye mistari ya buluu ubavuni. Kwa hesabu yangu, heshima ya baba mkwe ilikuwa juu, heshima ya babu ilikuwa chini, na hapakuwa na sababu ya wazee hao wawili kukutana.

Kuhusu suruali yenyewe, lawama zote ni za fundi cherehani. Nilimpelekea kitambaa cha kutosha, tena cha ziada, naye akanirudishia kitu kilichonibana mapajani kiasi kwamba kuketi kulihitaji maandalizi. Nilipolalamika, alinieleza kwa upole kwamba ndio mtindo wa sasa. Siku chache baadaye nilimwona mwanawe mdogo akicheza mbele ya kibanda, amevaa kaptula ya kitambaa kilekile.

Uwanjani tulipata viti karibu na ngazi, mahali ambapo tarumbeta na ngoma za washangiliaji humwingia mtu kifuani kabla ya kufika masikioni. Kulia kwangu alikaa mama mmoja wa makamo aliyejipaka nusu ya uso rangi nyeusi na nusu nyeupe, mabegani amejitanda bendera kubwa yenye mamba aliyeuma mpira. Kushoto alikaa mzee, ambaye tangu kipenga cha kwanza hakuitazama mechi, alinitazama mimi. Kila Mazembe walipokaribia lango, jicho lake lilihama kutoka kwenye nyasi za bandia na kutua usoni pangu. Nilitabasamu. Nilipiga makofi, lakini kwa vidole vinne tu, ili dhambi iwe ndogo. Nilipoulizwa ninaonaje kiungo wetu, nilijibu kwamba ana bidii, jibu ambalo linamfaa kiungo yeyote duniani, na mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika hivi kwamba nilianza kuiona harusi.

Kisha Mazembe wakafunga bao.

Asiyewahi kumwona Robert Kidiaba, kipa wa Mazembe wa miaka ile ya makombe, hawezi kuelewa kilichofuata. Timu yake ilipofunga, Kidiaba alikuwa akikaa chini, miguu ameinyoosha mbele, kisha akirukaruka kwa makalio juu ya nyasi, na ulimwengu mzima ulimwona akifanya hivyo katika mashindano yale ya 2010. Ameshastaafu, lakini furaha ile ameiacha Kamalondo, na siku hiyo vijana kadhaa wa safu yetu walishuka kwenye ngazi, wakakaa chini na kuanza kuruka. Mzee alinishika bega.

"Kijana, magoti yangu hayaniruhusu tena," aliniambia, sauti imejaa majonzi ya kweli. "Nichezee."

"Papa, mimi sijui kucheza vizuri."

"Hakuna anayejua. Keti chini, uruke."

Mtu anayeomba binti wa watu hana nafasi ya kubishana. Niliteremka, nikakaa kwenye saruji taratibu kwa kuuhurumia mshono, nikanyoosha miguu, nikaruka mara moja kwa adabu. Mzee akapiga makofi. Nikaruka tena, na safari hii, nakiri, mdundo wa ngoma ulikuwa umenikolea. Ndipo suruali ilipopasuka. Haikupasuka kidogo, mahali ambapo mtu angeweza kupafunika kwa kiganja. Ilianzia kwenye mkanda nyuma, ikapita katikati, ikakaribia zipu, kwa mlio ambao naamini hata mpiga tarumbeta aliusikia, kwani alikatiza wimbo. Niliinuka haraka, nikisahau kwamba anayeinuka haraka huwapa mgongo walio nyuma yake, na waliokuwa nyuma yangu walikuwa jukwaa zima.

Hakuna rangi nyingine inayoonekana namna ile katikati ya nyeusi na nyeupe. Mtoto mmoja, ambaye hajafundishwa kustahi watu, alinyoosha kidole na kupaza sauti: "Lupopo!" Safu ya kwanza ikageuka, kisha ya pili, na kicheko kikapanda ngazi kuelekea juu. Mzee hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena, akainama kidogo na kukagua, kama fundi mitambo anayesoma geji asiyoiamini.

Aliyeniokoa ni yule mama wa makamo. Bila kuuliza mimi ni nani wala wa timu gani, alivua bendera yake, akanizungushia kiunoni na kuifunga fundo la nguvu, huku akinikemea kwamba mwanamume mzima hatembei hivyo mbele ya watoto. Nilimshukuru kutoka moyoni. Kipindi cha pili chote nilikitazama nimesimama, nimejifunga rangi za Mazembe kama kanga, na mzee hakunisemesha neno hata timu yake ilipokosa penalti.

Baada ya mechi aliniaga kwa kunipa mkono, jambo ambalo kwa baba mkwe si dalili njema, akaenda kumtembelea Simba wake peke yake. Mimi nilitafuta pikipiki, lakini aliyejifunga kitambaa kiunoni hawezi kutanua miguu, kwa hiyo nilikaa upande kama bibi harusi, na dereva akapitia Kenya, mbele ya nganda ileile ambamo wenzangu wa Lupopo hukutana kila Jumapili. Walikuwa nje wote. Waliniona nikipita polepole, kwa kuwa barabara ilikuwa na mashimo, nimekaa upande, na mamba mwenye mpira mdomoni amelala sawasawa juu ya paja langu. Walisimamisha pikipiki.

Nilijieleza, wakasema wanataka ushahidi. Ushahidi nilikuwa nao, tena nilikuwa nimeuvaa, lakini kuuonyesha kulinibidi nifungue bendera hadharani, na suruali iliyobaki chini yake haikuwa tena ya kuitwa suruali. Mwishowe mwenyekiti wa tawi letu aliniingiza nyuma ya ghala la chupa, akaitazama bukta, akatoka na kutangaza kwamba rangi ni halali lakini mavazi ya juu ni hatia, na faini ni kreti moja ya bia. Nililipa. Dereva wa pikipiki naye alikunywa, akadai pia nauli ya kusubiri.

Posa haikuvunjika, kinyume na nilivyohofia. Siku ya kikao, mjomba wangu alipokea orodha ya mahari akaisoma kwa sauti: mbuzi, blanketi, suti ya baba, vitenge vya mama, na mwisho kabisa, kwa mwandiko wa mzee mwenyewe, bukta moja ya njano iliyokwisha kuvaliwa. Nilikubali vyote, nikaongeza hata mbuzi ambaye hakuombwa, ila bukta nikaikataa. Mzee aliikunja orodha, akaitia mfukoni, akasema kikao kitaendelea baada ya derbi.