Sumaku ya Dunia inafifia, lakini tangu lini?

Kila inapotangazwa kwamba uga wa sumaku wa Dunia unadhoofika, hazikosi habari za ncha kukaribia kupinduka, yaani ncha ya sumaku ya kaskazini na ya kusini kubadilishana nafasi, kama zilivyopinduka mara ya mwisho takriban miaka 780,000 iliyopita. Kudhoofika kwenyewe hakuna anayekubishia: tangu miaka ya 1830, mwanasayansi Mjerumani Gauss alipobuni njia ya kupima nguvu ya uga na si mwelekeo wake tu, sehemu yake kuu imepungua kwa karibu asilimia 9. Ubishi uko kabla ya hapo.

Modeli ya gufm1, inayokokotoa historia ya uga huo, iliyotolewa mwaka 2000 na Jackson, Jonkers na Walker, inaanzia 1590. Chanzo chake kikubwa ni kumbukumbu za meli, ambamo manahodha waliandika dira zao zilivyopotoka kutoka kaskazini halisi. Ni hazina, tena iliyokusanywa kwa jasho. Ila dira haisemi lolote juu ya nguvu. Kwa miaka ya kabla ya 1840, watafiti walichukulia tu kwamba upungufu ulikwenda kwa kasi ileile, nanotesla 15 kwa mwaka (nanotesla ni kipimo cha nguvu ya uga). Hawakulificha hilo. Lakini asiyejua huitazama grafu akaona karne nne za kuporomoka, kumbe zaidi ya nusu ya mstari ule ni dhana.

Mwaka 2006, Gubbins, Jones na Finlay wakageukia udongo uliochomwa, ambao ukipoa huhifadhi nguvu ya uga wa siku ile. Kwa miaka ya kabla ya 1840 wakapata kasi ya nanotesla 2 hivi kwa mwaka: karibu na bure. Basi mporomoko ni wa juzi tu? Mwaka 2011 Suttie na wenzake wakapima upya ukubwa wa makosa katika vipimo vya aina hiyo, na mporomoko wa kasi ukarudi. Takwimu za udongo si nyingi, na sehemu kubwa inatoka Ulaya. Namna ya kuzipa uzito ndiyo inayoamua jibu.

Kwa hiyo mimi siegemei upande wowote kuhusu kasi ya kabla ya 1840. Kuhusu kupinduka, naegemea. Mwaka 2015 Tarduno na wenzake walitoa vipimo vya udongo wa vibanda na maghala ya nafaka yaliyochomwa zamani katika bonde la Limpopo. Vilionyesha kwamba uga ulishuka kwa kasi huko kusini mwa Afrika kwenye miaka ya 1300, ukielekea udhaifu unaofanana na ule wa leo wa Atlantiki ya Kusini, eneo ambalo uga wake ni hafifu kuliko kawaida. Ncha hazikupinduka.