Dona au sembe: ubishi wa mashineni na kinachofika mwilini

Ukifika mashineni na debe lako la mahindi, swali la kwanza ni lile lile: tukoboe, au tusage hivyo hivyo? Jibu lako ndilo linaloamua kama utarudi nyumbani na sembe nyeupe pee au na dona yenye chembechembe za pumba. Zamani lilikuwa swali la mfuko na la heshima. Sembe ilikuwa ya mgeni, dona ilikuwa ya bweni la shule. Siku hizi upepo umegeuka na dona imepanda cheo: wenye kisukari wanahimizana kuila, na mama anayesonga sembe anaambiwa anawalisha wanawe wanga mtupu.

Wanaoitetea dona hawatetei hewa. Zaidi ya asilimia 80 ya punje ya mahindi ni ile sehemu ya wanga. Kiini ni kidogo, kama asilimia 11 hivi, lakini humo ndimo mche ungeanzia, kwa hiyo mmea umekiwekea akiba: sehemu kubwa ya mafuta ya punje, vitamini E na sehemu kubwa ya madini. Mashine ya kukoboa huondoa ganda, na kiini huondoka nalo. Ukilinganisha majedwali ya vyakula, gramu 100 za unga usiokobolewa zina magnesiamu karibu miligramu 127. Za unga ulioondolewa ganda na kiini zina karibu 32. Madini chuma hushuka kutoka zaidi ya miligramu 3 hadi karibu 1. Nishati inabaki karibu ile ile. Maana yake shibe haipungui, ila vilivyopaswa kuisindikiza vimebaki kwenye pumba, na pumba tunawapa kuku na ng'ombe, nao wananawiri.

Kama hesabu ingeishia kwenye unga, ningesema dona imeshinda. Lakini mwili haupokei kila kilichomo kwenye sahani.

Wanga hausumbui. Unaanza kuvunjwa na mate mdomoni, kongosho linaendeleza kazi kwenye utumbo mwembamba, kisha sukari inaingia kwenye damu. Ndiyo maana hata dona ikisagwa laini na kuliwa bonge kubwa itapandisha sukari; mwenye kisukari bado anapaswa kuangalia ukubwa wa tonge. Shida iko kwenye madini. Kiini na ganda vimebeba pia faiteti, namna ambayo mmea huhifadhi fosforasi yake. Ndani ya utumbo faiteti hunasa madini chuma na zinki, na mengi huishia chooni. Kwa hiyo zile miligramu 3 za dona si miligramu 3 za damu. Kwa mlo wa nafaka mtupu, mwili huchukua sehemu ndogo tu ya chuma kilichomo, mara nyingi chini ya asilimia 10.

Hapa ndipo jikoni panaposhinda mashine. Unga ukichachushwa, kama tunavyofanya kwenye togwa, faiteti hupungua. Limau likikamuliwa kwenye mchicha, au kachumbari ikiwekwa pembeni, vitamini C huusaidia utumbo kukipokea chuma cha mimea. Dagaa wachache wanafanya kazi hiyo hiyo kwa njia yao. Chai nzito inayonywewa pamoja na chakula inafanya kinyume. Familia mbili zinaweza kula dona ya debe moja, moja ikapata chuma na nyingine ikaambulia kushiba tu.

Upande wa sembe una hoja moja ambayo wapenzi wa dona huipita haraka mno, nami naiona nzito kuliko zote: sumukuvu. Ukungu unaoitengeneza huota kwenye mahindi yaliyovunwa mabichi, yaliyoanikwa chini au yaliyohifadhiwa na unyevu, na sumu yake hujaa zaidi kwenye ganda na kiini. Kukoboa hupunguza sumu hiyo. Kupika hakuiondoi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa miongoni mwa wilaya zilizoumia, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Hao ni walioathirika kwa ghafla. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hujenga hatari ya saratani ya ini bila kuhisi chochote. Ndiyo maana ninapomsikia mtu akiisifia dona bila kuuliza mahindi yametoka wapi na yalikaushwaje, napata wasiwasi wa kweli.

Kuna pia jambo la kiwanda. Kenya imelazimisha tangu 2012 unga wa mahindi wa pakiti urutubishwe kwa vitamini na madini, chuma na asidi ya foliki vikiwemo. Sembe ya namna hiyo imerudishiwa sehemu ya ilichopoteza, ingawa si nyuzinyuzi wala mafuta ya kiini. Lakini unga unaosagwa kwenye mashine ya mtaani, ambao ndio wa kaya nyingi za vijijini, haupitiwi na mpango huo. Kwa hiyo sembe ya mashineni na sembe ya pakiti iliyorutubishwa si kitu kimoja, ingawa mezani zinafanana.

Msimamo wangu ni huu. Mwenye mahindi yake, aliyeyaanika juu ya turubai, akayapembua na kutupa punje zilizovunda na zilizobadilika rangi, asage dona, na asage kidogo kidogo kwa sababu mafuta ya kiini huufanya unga uharibike mapema. Anayenunua unga asioujua asili yake, mjini, namshauri sembe iliyorutubishwa, wala asione aibu.

Ila nguvu tunazomaliza kwenye ubishi huu zingefaa zaidi kwenye bakuli la pembeni. Mahindi, yakobolewe yasikobolewe, yana upungufu wa asili: protini yake ina lisini na triptofani kidogo, viungo vya protini ambavyo mwili haujitengenezei, na niasini yake (vitamini B3) imefungwa kiasi kwamba mwili hauifikii. Watu wa Mexico waliligundua hilo kwa vitendo karne nyingi zilizopita, wakawa wanachemsha mahindi na chokaa, na niasini ikafunguka. Sisi tulipokea mahindi bila chokaa. Kilichotukinga ni maharage ya makande, karanga, samaki na maziwa.

Kinga hiyo ikiondoka, matokeo yanaonekana haraka. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliishi kwa mgao ambao mahindi yalikuwa ndiyo msingi. Karanga zilipokatika kwenye mgao huo, pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, ililipuka: ngozi ikababuka penye jua, watu wakaharisha, wengine wakachanganyikiwa. Waliougua walizidi 18,000. Mahindi yao hayakukatika, zilikatika karanga.