Mshumaa na mtego wa panya: je, kila chombo ni fumbo?

Biblia ya Kiswahili, Luka 1:28, inasema malaika "akaingia nyumbani kwake". Karakana ya mchoraji Robert Campin mjini Tournai, katika Ubelgiji ya leo, iliichora nyumba hiyo kwa uzito wote. Katika picha yao ya Kupashwa Habari Bikira Maria, ya kati ya 1427 na 1432 hivi, Gabrieli anaingia sebuleni kwa watu wa mjini: kuna benchi mbele ya meko, meza, birika la shaba linaloning'inia na taulo kando yake. Picha ni ya mbao tatu za mwaloni zilizoshikwa kwa bawaba, na sasa iko katika jumba la makumbusho la The Cloisters, New York. Ubao wa kati una sentimita 64 kwa 63 tu. Ni kipimo cha picha ya kusali mbele yake nyumbani.

Mwanahistoria wa sanaa Erwin Panofsky alifundisha kwamba vyombo vya namna hii ni mafumbo yaliyofichwa: birika na taulo ni usafi wa Maria, yungiyungi ni ubikira wake. Wanaopinga wanajibu kwamba nyumba yenye uwezo ilikuwa na birika la kunawia na taulo, na mchoraji alichora alichokiona. Kuhusu birika, nawaunga mkono hawa. Rangi iliyosagwa kwa mafuta ya kitani na kupakwa tabaka nyembamba juu ya chaki na gundi humwezesha fundi kuung'arisha hata msumari wa dirisha. Kwa hiyo umakini wa brashi peke yake hauthibitishi fumbo. Anayesahau hilo huishia kuhesabu pande za meza na kudai kwamba kila upande unawakilisha nabii.

Mshumaa ni jambo jingine. Uko mezani, umezimika sasa hivi, na moshi wake bado unapanda. Nje ni mchana, basi nani aliuwasha, na kwa nini? Kurasa za kitabu kando yake zinapeperuka. Kutoka dirisha la mviringo, juu ya miale saba, anashuka mtoto mdogo sana aliyebeba msalaba. Mahitaji ya sebule hayaelezi mshumaa huu; anayeingia ndiye anayeueleza.

Ubao wa kulia ni mgumu zaidi. Yosefu yuko kwenye karakana yake, na mtego mmoja wa panya uko juu ya meza ya kazi, mwingine dirishani kama bidhaa. Mwaka 1945 Meyer Schapiro, naye mwanahistoria wa sanaa, aliuunganisha mtego huo na Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, aliyehubiri kwamba msalaba ulikuwa mtego wa kumnasa shetani na kifo cha Bwana ndicho chambo. Hoja hiyo ina nguvu, maana Yosefu si kawaida kuonekana katika tukio hili. Udhaifu wake ni kwamba mbao za pembeni ziliongezwa baadaye, hivyo huenda mtego haukuwamo katika wazo la kwanza. Na ubao anaoutoboa Yosefu? Wengine wanasema ni kifuniko cha kisanduku cha kupashia miguu joto, wengine kinga ya meko. Ikiwa wataalamu hawajakubaliana ni chombo gani, ni mapema mno kuutafutia maana.

Naupokea mtego, lakini mshumaa ndio unaonishawishi kabisa. Maria bado ameinamia kitabu chake, hajamwona mgeni. Salamu haijatamkwa, na mwanga wa mezani umeshazimika.