Kura 60 za Seneti ya Marekani: msiipime kanuni kwa nani anayezuiwa

Katiba ya Marekani haisemi popote kwamba muswada wa kawaida unahitaji kura 60 kati ya 100 za Seneti. Sharti hilo limo katika Kanuni ya 22 ya Seneti yenyewe, inayosema jinsi ya kufunga mjadala ili muswada upigiwe kura. Ilipotungwa mwaka 1917, mjadala ulifungwa kwa theluthi mbili. Mwaka 1975 kiwango kikashushwa hadi sehemu tatu kati ya tano, yaani 60. Mbinu ya kuzuia muswada kwa kurefusha mjadala, filibasta, zamani ilimlazimu seneta kusimama na kuhutubia. Seneta Strom Thurmond alihutubia saa 24 na dakika 18 mwaka 1957 kupinga sheria ya haki za raia. Siku hizi inatosha kukataa tu.

Utaratibu ni huu. Maseneta 16 hutia saini hoja ya kufunga mjadala, siku moja ya kikao hupita katikati, kisha kura hupigwa. Zikifika 60, mjadala unaweza kuendelea kwa saa nyingine 30, ndipo ije kura ya mwisho, ambayo ni ya wingi wa kawaida. Zikiwa 59, muswada umekwama. Kwa hiyo ukisoma kwamba "Seneti imeukataa" muswada fulani, tazama hesabu kwanza. Mara nyingi wengi waliuunga mkono.

Wanaotaka kanuni ifutwe hutaja Desemba 2010. Muswada wa kuwapa njia ya uraia vijana walioingizwa nchini utotoni bila vibali ulikuwa umepita Baraza la Wawakilishi. Seneti ikaupa kura 55 dhidi ya 41, ukafa. Wanaoitetea hutaja Januari 2018, Republican wakishika Ikulu na mabaraza yote mawili: marufuku ya utoaji mimba baada ya wiki 20 ilipata 51 dhidi ya 46, nayo ikafa. Anayeshangilia kisa kimoja na kulaani kingine ametoa maoni kuhusu wahamiaji au mimba. Kuhusu kanuni bado hajasema kitu. (Kura hizo nazo zisiaminiwe kupita kiasi. Ni rahisi kuunga mkono muswada unaojua hautapita.) Viongozi wenyewe hugeuka: Barack Obama akiwa seneta mwaka 2005 alipinga kuidhoofisha filibasta, na mwaka 2020 akaiita masalio ya enzi ya ubaguzi.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni matundu ya kanuni hii. Mwaka 2013 Democrat waliondoa filibasta kwa majaji wa ngazi za chini na wateule wa serikali. Mwaka 2017 Republican wakamalizia kwa Mahakama ya Juu. Jaji Amy Coney Barrett alipita mwaka 2020 kwa 52 dhidi ya 48. Kodi na matumizi nayo hupitia njia ya bajeti iliyowekwa na sheria ya 1974, ambako wingi wa kawaida unatosha, ila kila kipengele lazima kiwe cha kibajeti hasa. Ndiyo sababu kima cha chini cha mshahara cha dola 15 kwa saa kiliondolewa kwenye njia hiyo mwaka 2021. Jaji wa maisha, kura 51; mshahara wa mfanyakazi, kura 60. Sijaona mtetezi wa upande wowote anayeeleza mantiki yake.

Matokeo yake mzigo huhamia kwingine. Muswada wa 2010 ulipokufa, Obama, akiwa rais, alianzisha mpango wa DACA, wa kuwakinga vijana hao wasifukuzwe nchini, mwaka 2012 bila Bunge, Donald Trump akajaribu kuufuta mwaka 2017, na kesi zikafika Mahakama ya Juu.

Kuifuta kanuni kabisa kungefanya sheria zipinduliwe kila chama kinapobadilishana madaraka. Naona afadhali mzigo uwe wa wapinzani: wahudhurie 41, wahutubie, la sivyo mjadala ufungwe. Gharama yake ni muda; mwaka 1964 uzuiaji wa sheria ya haki za raia ulichukua miezi kabla ya kuvunjwa kwa 71 dhidi ya 29. Januari 2022 Democrat walijaribu kurudisha sharti la kuhutubia kwa muswada mmoja tu, wa haki ya kupiga kura. Joe Manchin na Kyrsten Sinema, wa chama hichohicho, walijiunga na Republican, na pendekezo likaanguka kwa 52 dhidi ya 48.